Kikojozi wa Miezi Minane

Jioni moja ya mwezi wa Juni, baridi ya mlimani ilipokuwa imekwisha kuteremka hadi barabara kuu iendayo Arusha, nilikuwa nimeketi barazani pangu hapa Kwa Sadala na kikombe cha chai ya tangawizi, akaja jirani yangu mmoja, mama wa makamo auzaye ndizi sokoni, amemshika mbwa kwa kamba ya katani. Akaniamkia, nikaitikia, tukaulizana hali za watoto kama ilivyo desturi, kisha akaeleza haja yake kwa sauti ya mtu aliyekuja kushitaki. "Babu, huyu Tomi ana miezi minane sasa. Jina lake analijua, usiku anabweka inavyostahili, kuku hawagusi. Lakini kila siku ya Mungu lazima atukojolee sebuleni. Nimempiga, nimemsugua pua kwenye mkojo wake, nimemnyima chakula. Baba watoto anasema tumrudishe alikotoka."

Nikamwuliza mambo matatu: mbwa alilelewa wapi kabla hajafika kwake, analala wapi, na asubuhi ni nani amfunguliaye mlango. Akasema alinunuliwa mjini Moshi kwa mtu aliyewaweka watoto wa mbwa ndani ya stoo yenye sakafu ya saruji mpaka wakafika miezi minne, analala jikoni, na kuhusu mlango akacheka, kwa kuwa haukuwa na mfunguaji maalumu, ila yeyote aliyetangulia kuamka. Majibu hayo yalitosha. Tomi alikuwa amefunzwa, tena amefunzwa barabara, kwamba choo cha mbwa ni mahali pakavu, pagumu, pasawa, penye dari juu. Na sebule ya mama yule, pamoja na saruji yake iliyopakwa rangi nyekundu ikang'arishwa kwa nta, ililingana na mafunzo hayo kwa kila sifa.

Yapo maneno ya kusema juu ya wazee wetu wa vihambani, yaani wa mashamba ya migomba yazungukayo nyumba, ambao hawakutuachia ilimu yoyote katika jambo hili, na hawana lawama. Mbwa wao alizaliwa chini ya migomba, akaishi chini ya migomba, akazikwa chini ya migomba. Kizingiti cha nyumba kilikuwa mpaka wake, na haja zake alizimaliza juu ya majani makavu pasipo mtu kuuliza ni wapi wala saa ngapi. Siku hizi vihamba vimegawanywa kwa wana na wajukuu hata vikawa vipande, nyumba zimezungushiwa kuta, na mbwa, ama kwa hofu ya wezi, ama kwa huruma ya baridi ya Juni na Julai, ama kwa kilio cha watoto, ameingizwa ndani. Ameingia katika maskani ambayo desturi zake hazijui, akiongozwa na watu ambao na wao hawazijui zake, na kila upande unamshangaa mwenziwe.

Wapo watakaomwambia mama yule kwamba amechelewa, kwa kuwa samaki hukunjwa angali mbichi. Methali hiyo ni ya kweli kwa samaki. Mbwa wa miezi minane, au wa mwaka mmoja, au mtu mzima kabisa aliyeokotwa barabarani, hufundishika, na katika sehemu moja humshinda mtoto wa miezi miwili: kibofu chake kimekomaa. Kitoto cha miezi miwili huzuia mkojo kwa saa mbili tatu, na hata kikitaka kutii hakiwezi. Hesabu watumiayo wafugaji wengi ni kuchukua umri kwa miezi na kuongeza moja, nayo hukupa takriban saa awezazo kuvumilia. Mbwa wa miezi minane mwenye afya hulala usiku kucha bila kulowesha kitu. Ugumu wake uko kwingine: mdogo hujifunza tu, ilhali huyu hana budi asahau kwanza, na kusahau ndiko kunakokula siku.

Lakini kabla ya kumtia mnyama chuoni, hakikisha si mgonjwa. Nimewaona watu wakimwadhibu mbwa mwezi mzima kwa kosa la kibofu chenye maambukizo. Akikojoa mara nyingi kwa matone machache, akijikaza, akitoa mkojo wenye damu au harufu isiyo ya kawaida, akinywa maji kupita kiasi chake cha jana, au akijilowesha akiwa usingizini, mpeleke kwa daktari wa mifugo au mwite ofisa mifugo wa kata. Mbwa jike ambaye tangu kuzaliwa hudondokwa na mkojo bila kukoma huenda ana mrija utokao katika figo uliojiunga mahali pasipo pake, na ratiba haiponyi jambo hilo. Mwenye minyoo au tumbo la kuhara naye hana hatia. Safari hiyo hiyo ulizia chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo hutolewa kuanzia umri wa miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka, kwani mbwa alalaye nyumba moja na watoto wako bila chanjo ni hatari kubwa kuliko zulia lililoloa.

Sasa nirudi katika ile pua iliyosuguliwa mkojoni, maana hapo ndipo wengi wanapoharibu kazi. Mama yule aliniambia, kwa yakini kabisa, kwamba Tomi anajua kosa lake: akirudi kutoka sokoni humkuta amekunja mkia, ameinamisha masikio, anatazama pembeni. Mwaka 2009 Bi Alexandra Horowitz wa Marekani alichapisha uchunguzi wake juu ya sura hiyo hiyo. Aliwafanya wenye mbwa waamini kwamba mbwa wao wamekula chakula walichokatazwa, mara wengine wamekula kweli, mara wengine hawakugusa kitu. Akaona kwamba sura ya hatia haikufuata kosa, ilifuata makaripio, na mbwa aliyesingiziwa aliinamisha masikio sawasawa na mwizi halisi. Tomi, basi, hakuwa akiungama. Alikuwa akisoma uso wa mama, na uso ule, pamoja na lile dimbwi sakafuni, vilimfundisha jambo moja tu: kwamba dimbwi na binadamu vikikutana chumba kimoja, kipigo hufuata. Hekima aliyoipata hapo ilikuwa ni kukojoa faraghani, nyuma ya kochi, mtu asipoona; na mbwa aogopaye kukojoa mbele yako ndani ataogopa pia kukojoa mbele yako nje, ukasimama naye kihambani nusu saa asitoe tone, kisha mkarudi ndani akapita nyuma ya kochi. Mama akanikatiza hapo kwa kusema, "Ndivyo hasa anavyofanya," na nadhani ndipo alipoanza kuniamini.

Ukimkuta katikati ya tendo, gonganisha viganja vyako mara moja au sema "Ee!" kwa sauti ya kumshtua, si ya kumtisha, umchukue nje akamalizie huko. Ukikuta dimbwi limekwisha poa, kosa ni lako, chukua dekio.

Katika mambo yote ya mafunzo haya, lile ambalo sijapata kulisikia likisemwa hapa kwetu ni habari ya nyayo. Mbwa huchagua choo kwa pua, na hilo kila mtu analijua, lakini huchagua pia kwa mguso wa ardhi chini ya miguu yake, na mapenzi hayo ya ardhi fulani hujengeka katika miezi ya mwanzo ya maisha, hata yule aliyelelewa juu ya majani hutafuta majani, aliyelelewa juu ya mchanga hutafuta mchanga, na aliyelelewa juu ya saruji ya stoo husimama kihambani, penye udongo mweusi uliolainika na mabua ya migomba, akajiona kama mgeni aliyeonyeshwa kitanda badala ya msala. Mbwa wa namna hiyo ukimwita mkaidi, humwelewi. Dawa yake ni kumvusha hatua kwa hatua. Kwa Tomi tulichukua gunia kuukuu, tukafutia mkojo wake wa asubuhi, tukalitandika nje juu ya kipande cha saruji kilicho kando ya tangi la maji, mahali ambapo miguu yake ingepatambua. Hapo akakojoa siku ya pili bila shida. Baada ya siku nne gunia likasogezwa nusu juu ya saruji, nusu juu ya nyasi. Kisha likawa lote juu ya nyasi, kisha likakunjwa mara mbili, kisha likabaki kipande cha ukubwa wa kiganja chenye harufu tu, na mwisho likaondoka. Kazi yote ilichukua majuma matatu pungufu ya siku moja, na katika muda huo zulia la sebule lilikuwa limekunjwa juu ya kabati, kwa sababu zulia, kwa nyayo za mbwa, ni ndugu wa nyasi, na si uadilifu kumfundisha kukojoa penye laini nje huku umemtandikia laini ndani.

Mahali pa choo pawe pamoja, tena pasiwe karibu na bustani ya mboga wala kando ya mfongo upelekao maji kwa jirani wa chini. Kinyesi kizolewe na kufukiwa kila siku, kwa sababu mayai ya minyoo ya mbwa huishi udongoni muda mrefu na huingia kwa mtoto achezaye hapo kisha akatia kidole kinywani. Hili nalitaja mara moja tu, halihitaji ubishi.

Kuhusu saa: mbwa hutaka kutoka mara tu aamkapo, baada ya kula, baada ya kucheza sana, na kabla ya kulala. Tumbo likipokea chakula utumbo huamshwa, na ndani ya dakika kumi na tano hadi thelathini haja huja. Ndiyo maana anayelishwa saa yoyote, makombo ya ugali sasa, kichwa cha dagaa baadaye, mfupa wa jirani usiku, hana saa ya choo inayojulikana hata na yeye mwenyewe. Mpe chakula mara mbili, saa moja asubuhi na saa kumi na moja jioni, uondoe bakuli baada ya dakika ishirini, lakini maji usimnyime mchana, wala usifikiri kwamba kiu ni mwalimu. Majuma mawili ya kwanza mtoe kila baada ya saa mbili awapo macho, hata kama kwa umri wake angeweza kuvumilia saa sita, kwa kuwa shabaha yako si kumpima nguvu. Shabaha ni kumnyima nafasi ya kukosea. Na atoke na mtu. Kufungua mlango na kumsukuma nje ukarudi jikoni si kumtoa choo, maana atafukuza mjusi, atanusa mgomba, atarudi na kibofu kilekile alichotoka nacho.

Asipotazamwa ndani, awe mahali padogo panapomtosha kulala na kugeuka, au afungwe kamba fupi karibu nawe, kwani mbwa hapendi kulowesha alalapo. Mahali hapo pawe pa kupumzika kwa kitambo; nisieleweke nasema afungwe mnyororo kutwa nzima, jambo tunaloliona nyumba kwa nyumba, ilhali nchi hii inayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008. Tena kumfungia mbwa mahali padogo muda mrefu hata akalazimika kujilowesha ni kumvunjia ile haya aliyozaliwa nayo, na haya hiyo ndiyo mtaji wako. Tomi aliipoteza kidogo haya hiyo kule stooni Moshi, na ilituchukua siku kadhaa za kumfulia gunia la kulalia kila asubuhi hadi alipoonja tena raha ya kulala pakavu.

Halafu kuna ujira. Huko Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO hufunza panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na vijidudu vya kifua kikuu katika makohozi, na ufundi wao hauna kiboko hata kimoja: mwalimu hubonyeza kidude kinacholia "tik," na mara kiliapo panya hupata chakula, aghalabu kipande cha ndizi, mpaka asikiapo mlio ajue kwamba alichofanya nukta hiyo ndicho kilicholipwa. Panya mmoja aliyezaliwa Tanzania, jina lake Magawa, alipelekwa Kambodia akagundua mabomu na silaha zaidi ya 100, na mwaka 2020 akatunukiwa nishani ya dhahabu na jumuiya ya PDSA ya Uingereza. Nikamwambia jirani yangu kwamba ikiwa panya wa Morogoro amefika huko kwa vipande vya ndizi, yeye auzaye ndizi hana udhuru.

Siri ni nukta yenyewe. Malipo yatolewe palepale chooni, mbwa amalizapo tu, kabla hujahesabu mbili. Ukingoja mpaka mrudi mlangoni ndipo umpe, umemlipa kwa kurudi. Dagaa mmoja mkavu anatosha, na sifa za maneno ziandamane naye. Chagua neno moja la kumwambia aanzapo kukojoa, siku zote lilelile, ili baadaye neno liilete haja. Mama alichagua "shambani," kwa sababu baba watoto aliona aibu kuamrisha jambo lile kwa jina lake mbele ya wageni. Na jambo moja ambalo mimi mwenyewe nilichelewa kulifahamu, nikalipia kwa mazulia mawili: usimrudishe ndani papo hapo amalizapo. Mbwa apendaye kuwa nje akiona kwamba mkojo ndio umalizao matembezi, hujifunza kuuchelewesha. Mwache azunguke migombani kidogo, acheze, kisha mrudi.

Sakafu ioshwe hata pua ya mbwa, siyo yako, isipate kitu. Saruji hunywa mkojo, na harufu ibakiayo humwita tena. Usitumie dawa yenye harufu ya amonia, kwa kuwa kwa mbwa yanukia kama mkojo mwingine, na usimwage dawa ya klorini ya kung'arishia nguo juu ya dimbwi bichi, kwani klorini na amonia ya mkojo vikikutana hutoa hewa iumizayo kifua. Kausha kwanza kwa matambara, osha kwa sabuni na maji ya moto, kisha futa kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, usuuze, maana siki ikikaa sana huila saruji, na mlango uachwe wazi jua liingie. Ndugu zetu Waislamu wafuatao madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi pwani na ya wengi wa kwetu huku bara, wanayo hukumu yao bayana ya kuosha mara saba, moja ikiwa kwa udongo, na nyumba ya namna hiyo ni afadhali mbwa ajengewe kibanda uani tangu siku ya kwanza; ulinzi wake haupungui kwa kulala nje, mradi kibanda kisivuje na kiwe na maranda makavu ya seremala.

Yapo maji mengine ambayo si ya choo, nami nitayapita upesi. Dume lifikapo miezi sita na kuendelea huanza kuinua mguu na kutia alama kwenye miguu ya meza, matone tu, na hilo huhitaji kuzuiwa asipite vyumbani peke yake, pengine na kuhasiwa kwa ushauri wa daktari. Mbwa mwoga huachia mkojo anapoinamiwa na mtu mkubwa au kukaripiwa. Huyo ukimpiga umemzidishia, basi msalimie kwa kuchutama, ukiwa umempa ubavu, bila kumkodolea macho. Aliyejaa furaha huachia bwana arudipo, na dawa ni kumpokelea nje.

Masika, yaani kuanzia Machi hadi Mei, ndiyo mtihani. Mbwa aliyehitimu Januari atasimama kizingitini, atazame mvua, akutazame wewe, kisha arudi kwenye saruji. Hapo migomba hutusaidia kuliko mwavuli: chagua shina lenye majani mapana karibu na mlango wa nyuma, ukate mabua makavu uyatandike chini yake, na choo chake kiwe hapo tangu kiangazi, ili mvua ijapo mahali pasibadilike. Nenda naye, ulowe naye. Akikosea siku mbili tatu usitangaze kwamba kazi yote imeharibika. Rudi kwenye ratiba ya juma la kwanza, na kwa kawaida hushika upesi kuliko awali.

Tomi alikaa siku tisa pasipo kosa, akakosea siku ya ubatizo wa mjukuu, nyumba ilipojaa watu na hakuna aliyekumbuka saa yake, kisha hakukosea tena. Mlango wa nyuma wa nyumba ile umechubuka rangi upande wa chini, pale anapokwaruza saa kumi na moja alfajiri, na anayeamka kumfungulia ni baba watoto.